Jicho Lisilochoka

Bandeji ilipoondolewa, Mzee Hizza Singano hakuulizia jua, wala hakumtazama usoni bintiye ambaye hakuwa amemwona kwa miaka sita. Aliulizia pazia.

Wagonjwa wengine wa Kituo cha Macho huomba kioo. Wengine huomba waletewe wajukuu, na alikuwapo bibi mmoja aliyetaka aonyeshwe uji aliokuwa akinyweshwa wiki nzima. Alipoonyeshwa akaukataa palepale. Mzee Hizza yeye alikuwa mshairi, na washairi, Mungu awasamehe, hata siku ya kufufuliwa watauliza kwanza kama shairi lao lilisomwa.

Semeni, ambaye alikuwa binti yake na pia fundi aliyelisawazisha jicho lenyewe, alikuwa na pazia hilo mfukoni tangu alfajiri. Kilikuwa kipande cha kitambaa chekundu kilichopauka pembeni, pazia la jikoni la marehemu mama yake. Alilitundika kwenye mlango wa kabati, akarudi nyuma.

"Hesabu, mama," baba akamwambia. Tangu akiwa mdogo alimwita hivyo.

Semeni akahesabu moja hadi sitini, polepole, kama walivyokuwa wakifanya zamani. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa umeumeza mlima mzima, na misonobari ya uani ilikuwa ikijitokeza mmoja mmoja kisha inapotea tena. Alipofika sitini, mzee akaliondoa jicho kwenye pazia na kuliweka kwenye ukuta uliopakwa chokaa.

Kisha midomo ikaanza kumcheza.

"Limejibu," alinong'ona. "Semeni, limejibu! Pazia nimeliacha kule, na rangi nyingine imenifuata huku ukutani. Inaelea. Iko palepale nilipoiacha miaka sita iliyopita."

"Rangi gani, Baba?"

"Kijani. Hapana, ngoja." Akainamisha kichwa upande. "Zamani ilikuwa kijani cha jani la mgomba mchanga. Sasa imeelemea kwenye ubuluu kidogo. Labda ni uzee. Kwani rangi nazo huzeeka?"

Baba yake alikuwa akilia. Jicho jipya halikuwa na machozi, ila kope zilikuwa bado zake, na machozi yakapata njia. Yeye alitakiwa afurahi, na kweli alifurahi, lakini furaha hiyo ilimkaa kifuani kama tonge lililomezwa bila kutafunwa.

*

Ili mtu aelewe kwa nini mzee mzima alilia mbele ya ukuta, inabidi aujue ugomvi wenyewe.

Mzee Hizza alikuwa ametunga beti zaidi ya mia tatu kuhusu rangi. Alisema rangi haiko kwenye kitu, wala haiko kwenye mwanga peke yake. Rangi huzaliwa mpakani, pale mwanga na giza vinapokutana na kugombea njia. Alikulia kwenye milima ya ukungu, na ushahidi wake ulikuwa hapohapo nje ya mlango: jua likitazamwa kupitia ukungu huwa manjano, na mlima mweusi ukitazamwa kupitia ukungu huohuo huwa buluu. Ukungu ni mmoja, alisema, kilichobadilika ni nani yuko nyuma yake.

Lakini fundisho alilolipenda kuliko yote lilikuwa la jicho lenyewe. Jicho si tundu la kuingizia mwanga. Jicho ni muungwana, na muungwana hakubali kusikiliza upande mmoja. Ukilionyesha wekundu mtupu, litakutolea kijani kutoka kwake ili mizani ikae sawa. Ukiliimbia ubeti, nalo litatoa wake. Jicho hujibu.

Kila jioni kabla ya chakula alikuwa akimkalisha Semeni, wakati huo akiwa na miaka sita, mbele ya pazia la jikoni. Wanahesabu sitini, kisha wanageukia ukuta.

"Limejibu?"

"Limejibu, Baba."

"Rangi gani?"

"Ya mlima. Ule mlima wa mbali."

"Mlima! Mwanangu, tazama vizuri. Hilo ni jani la mgomba."

"Mlima!"

"Mgomba!"

Na mama kutoka jikoni: "Mgomba na mlima wenu huko, ugali unapoa!"

Huko Pemba, ng'ambo ya maji, aliishi mwalimu wa fizikia aliyeitwa Bi Mgeni Faki. Naye alitunga, kwa jina la Msumari, na akiupiga ubeti wake ubaoni hauchomoki. Aliyasikia mashairi ya Mzee Hizza redioni, kwenye kipindi cha malumbano cha Alhamisi alasiri, akamjibu wiki iliyofuata. Hakuna jibu lolote, alisema. Ni uchovu tu. Jicho likitazama wekundu muda mrefu, sehemu inayopokea wekundu huchoka, na zile ambazo hazijachoka ndizo husikika. Mtu akibisha hodi mpaka mkono ukauma, je, tuseme mkono umejibiwa na mlango?

Nchi nzima ilicheka. Mzee Hizza alicheka pia, kisha hakulala siku mbili, kisha akajibu. Wakaendelea hivyo miaka arobaini. Hawakuwahi kuonana, na hawakuwahi kuambiana hata neno moja lisilokuwa na vina. Alipofiwa na mkewe, Msumari alimtumia beti nne za rambirambi, na wa tano wa kumkumbusha kwamba bado amekosea.

Halafu presha ya macho ikamla mzee macho yote mawili. Kwa miaka sita alikataa kupandikizwa jicho jipya, mpaka Msumari akamchokoza hewani: anaogopa nini, kama kweli rangi ni jibu la mtu na si uchovu wa nyama? Jicho jipya halichoki. Basi na tuone kama litajibu. Na mzee, ambaye angeweza kuvumilia giza lakini si maneno ya Msumari, akatuma ubeti wake wa ahadi:

*Nikipewa jicho lile, lisilojua kuchoka,*
*Na likanijibu pale, ukutani bila shaka,*
*Msumari, usilale, ubaoni utang'oka,*
*Lisipojibu, naweka kalamu chini, nakoma.*

Hiyo ndiyo ahadi iliyokuwa imewekwa mbele ya watu. Likijibu, ameshinda ugomvi wa maisha. Lisipojibu, hatatunga tena mpaka kufa.

*

Semeni alijua kuwa halitajibu. Alijua kama mpishi ajuavyo kuwa chungu hakina chumvi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa jikoni.

Jicho la kupandikiza hujifuta mara mia kwa sekunde. Kila mara linaanza upya, bila kumbukumbu ya lililotangulia, kama ubao wa darasa uliofutwa vizuri. Waliolitengeneza waliuhesabu uchovu kuwa ni dosari, wakauondoa, na wakajisifu kwa hilo kwenye karatasi ya maelezo. Kila rangi ina namba yake, na namba zote zimo kwenye Jedwali moja kwa nchi nzima. Haikuwa hivyo mwanzoni. Mafundi wa awali walimsawazishia kila mtu apendavyo, mpaka dereva mmoja aliyetaka wekundu wake uwe wa upole akaipita taa ya kusimama na basi la watu arobaini. Tangu hapo ikawa sheria: siku ya saba, saa sita mchana, mwenye jicho anatamka kwamba anakubali anachokiona, fundi anaweka kidole gumba, na jicho linatiwa kufuli. Baada ya hapo halifunguki, hata ashuke malaika na bisibisi.

Ndani ya jicho kuna nafasi ndogo iitwayo kiraka. Imewekwa kwa ajili ya wagonjwa wenye makovu, ili fundi aweze kuziba pale penye shimo. Wakaguzi huwa hawavifungui viraka vidogo. Semeni alijifungia kwenye chumba cha giza siku tatu za likizo yake, na pazia la mama yake, na taa moja, na ukuta mweupe. Alitazama wekundu, akaandika ukuta umemwambia nini. Akatazama manjano, akaandika. Akatazama buluu, zambarau, kijani, rangi kumi na mbili kwa jumla, kila moja mara ishirini, mpaka usingizini akawa anaona kuta. Majibu yote hayo akayatia ndani ya kiraka, ambacho chenyewe hakifutwi, ili rangi ikitazamwa kwa muda kiitolee jibu lake.

Aliona huruma, basi. Mtu akimwuliza kwa nini, hana sababu nyingine ya maana zaidi. Alijiambia ni dawa kama dawa nyingine. Alijiambia baba yake hajawahi kuendesha hata baiskeli, hatamgonga mtu. Alijiambia mengi, na kila alilojiambia lilimkubalia kirahisi mno, kama afanyavyo mtu anayetaka uondoke haraka.

*

Siku zilizofuata zilipita kama vile mtu anatembea usingizini na hataki kuamshwa.

Asubuhi walitoka wawili, Mzee Hizza akiwa amevaa kabuti lake kuukuu, wakapita kwenye njia ya misonobari. Alisimama kila hatua ya tatu. Alitazama ua jekundu la mnyonyo, kisha akaligeuzia jicho blanketi jeupe lililoanikwa. Alitazama chungwa, kisha anga. Kila mara alishika mkono wa bintiye na kusema, "Limejibu," kwa sauti ya mtu anayeitikiwa salamu na rafiki aliyedhani amekufa. Ukungu ulipopanda kutoka bondeni aliuingia kwa makusudi, akasimama humo, ikabaki kuonekana kofia yake tu. Semeni alimsikia akicheka ndani ya weupe ule.

"Mama, huku ndani hakuna rangi hata moja!" alipaza sauti. "Ziko mpakani zote! Si nilisema?"

"Ulisema, Baba."

Siku ya pili alikuwa amemtumia Msumari ujumbe wa maneno mawili tu, wa kwanza usio na vina: *Limejibu. Ngoja.* Redio ikapata habari, ikatangaza kwamba Alhamisi alasiri, yaani siku ya saba, Mzee Hizza Singano atasoma ubeti wa kufunga malumbano. Watu wa sokoni walimpigia makofi. Muuza viazi alimpa fungu la bure, akisema yeye siku zote alikuwa upande wa mgomba.

Msumari hakujibu chochote. Hilo lilimfurahisha mzee kupita kiasi.

"Ameng'oka," alisema. "Miaka arobaini, na leo ameng'oka."

Semeni aliacha kula vizuri tangu siku hiyo. Alimtazama baba yake akiandika kwa mkono wake mwenyewe, baada ya miaka sita ya kuandikiwa na watu, herufi kubwa zinazopanda na kushuka, na kila mstari ulimchoma. Kumpa mtu zawadi ni jambo moja. Yeye alikuwa amempa baba yake ushindi juu ya mwanamke ambaye hakukosea kitu, na ushindi huo ulikuwa ukikaribia kusomwa mbele ya nchi nzima.

*

Asubuhi ya Alhamisi alimkuta amekwisha kuoga na kunyoa ndevu. Fomu ya kukubali jicho ilikuwa mezani. Saa ya ukutani ilisema saa tatu kasorobo.

"Baba, kabla hujatia sahihi, nina neno."

"Neno moja au shairi zima?"

"Jicho halikujibu."

Mzee akatabasamu, kama mtu aliyesikia utani ambao hajauelewa bado.

"Mimi ndiye niliyejibu," Semeni akasema. "Jicho hili haliwezi. Nilijua tangu mwanzo. Nikaingia ndani, nikaliwekea majibu. Kila ulichoona ukutani nilikiweka mimi."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni peke yake kwa muda, kisha likaanguka.

"Majibu umeyatoa wapi? Jedwali halina kitu kama hicho."

"Kwenye macho yangu. Nilikaa chumbani na pazia la Mama, nikayaandika."

"Umenifanya mwongo mbele ya Msumari."

"Nilikuonea huruma, Baba."

"Huruma!" Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Yule mwanamke amenitukana miaka arobaini, na hata siku moja hakunionea huruma. Ndiyo maana namheshimu! Na wewe, damu yangu, umenitilia ushindi mdomoni kama mtoto anayelishwa. Ningeusoma leo. Ningeusoma kwa sauti!"

Semeni alikuwa akilia sasa, wala hakujificha. "Niliogopa. Mama alipofariki ulitunga. Ulipopofuka ulitunga. Kama usingetunga tena, sikujua ungekuwa nani. Sikujua ningekuwa na baba wa namna gani. Niliogopa, basi."

Mzee alisimama katikati ya chumba, anahema. Mwisho akakiinua kiti mwenyewe, akakaa.

"Kitoe," alisema.

Kazi ile haikuchukua hata dakika mbili. Semeni aliunganisha kamba ya mashine nyuma ya sikio la baba yake, akakihamishia kiraka kwenye kisanduku chake cha kazi, jicho likabaki na Jedwali peke yake. Kisha, bila kuambiwa, akalitundika pazia kwenye mlango wa kabati. Akahesabu. Thelathini. Sitini.

Mzee Hizza akageukia ukuta.

Hakuna kilichotokea. Ukuta ulikuwa ukuta, chokaa ilikuwa chokaa, na ufa mdogo uliotoka kwenye dari ulionekana wazi kuliko alivyowahi kuona ufa maishani mwake. Alingoja. Alipepesa, akangoja tena, kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamehama.

"Mweupe," alisema. "Mweupe kabisa. Wala hauna neno na mimi."

Akavuta kinasa sauti alichokuwa akitumia kutuma na kupokea ujumbe. Hakutaka karatasi. Alitunga palepale, kwa sauti ambayo haikupanda wala kushuka, na akautuma ubeti kwa Bi Mgeni Faki mwenyewe, si kwa redio:

*Msumari, nakujia, mikono mitupu yangu,*
*Jicho limenyamazia ukuta na rangi zangu,*
*Ushindi niloringia ni wa mwana, sio wangu,*
*Kalamu naweka chini, nimekoma, umeshinda.*

Kisha akaitoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akaiweka juu ya meza, na kuisogeza mbali naye kwa kidole kimoja.

*

Walikaa. Semeni alileta chai ya tangawizi, ikapoa. Aliwaza kwamba sasa kweli amempoteza, na kwamba amempoteza kwa kumwambia ukweli, jambo ambalo watu hulisifu sana wakiwa hawajalifanya. Ukungu ulikuwa umepanda mpaka dirishani. Mashine mezani ilionyesha saa tano na nusu.

Kinasa sauti kikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, nzito, yenye lafudhi ya Pemba, na ilikuwa na jambo geni. Haikuwa na vina.

"Kaka Hizza," ilisema. "Salaam aleikum. Mimi ni Mgeni. Sina shairi la kukujibu, kwa hivyo nakuzungumzia hivihivi, unisamehe.

"Ninalo jicho kama hilo lako. Mwaka wa pili huu. Sikumwambia mtu. Siku niliyorudi nyumbani nilitazama kikoi chekundu cha marehemu mume wangu, kisha nikautazama ukuta. Kimya. Nikasema alhamdulillahi, nimeshinda, nikakaa kungojea raha ya ushindi. Haikuja. Na tangu siku ile sijatunga hata mstari mmoja. Yale niliyokuwa nakutumia miaka hii miwili yalikuwa ya sandukuni, niliyatunga ningali na macho yangu. Ndiyo yamekwisha. Ndiyo maana ulipotuma kwamba limejibu sikuweza kukujibu. Nililia kwa wivu.

"Nilisema ni uchovu, na ni uchovu kweli, kaka yangu. Hapo sikukosea. Ila sikujua kwamba mimi mwenyewe natunga kwa huo uchovu. Sasa sichoki. Naona majani, naona machungwa, kila kitu kimekamilika, wala hakuna kinachoniuliza kitu.

"Hilo langu limekwisha kutiwa kufuli. Lako ni mpaka saa sita, kama nakumbuka sheria yao. Sikwambii ufanye nini. Lakini hiyo kalamu iokote, maana sikukulumbia miaka arobaini ili uniachie uwanja mtupu. Na kama litakuwa linajibu, mimi sijali ni jibu la nani. Uwe unaniambia ni rangi gani."

Sauti ikakatika. Mzee Hizza alibaki ameinamia kinasa sauti kana kwamba bado kinasema.

"Ana sauti nzuri," alisema mwishowe. "Miaka yote nilidhani atakuwa na sauti nyembamba."

Akatazama saa, akamtazama bintiye. Kwa mara ya kwanza tangu bandeji ifunguliwe alimtazama usoni sawasawa, akaona mvi mbili tatu zilizoota juu ya paji lake wakati yeye yuko gizani.

"Ukilifunga pamoja na kiraka, wakigundua?"

"Nitafutwa kazi. Na sitashika tena mashine ya macho mahali popote."

"Basi lifunge hivi lilivyo. Sikuombi, mama. Nimekwisha kukufokea kwa kunipa, siwezi kukuomba tena."

Semeni aliwaza kuhusu dereva wa basi. Aliwaza kuhusu Jedwali, na sababu zake nzuri. Mara ya kwanza alikuwa amefanya kwa siri, na ndiyo maana hoja zote zilimkubalia haraka. Sasa alizipanga upya mbele ya mtu aliyehusika, na zilikuwa nzito, kila moja na uzito wake. Bado mkono wake ulikwenda kwenye kisanduku.

"Zaidi ya Bi Mgeni, hutamwambia mtu kwamba jicho lako linajibu," alisema huku akiunganisha kamba. "Si redioni, si sokoni."

"Redioni nitasema nimeshindwa. Ni kweli nimeshindwa."

"Na unajua kuwa si lako. Ni langu."

"Najua."

"Baba, sema kwa kutamka. Fomu inataka utamke."

Mzee Hizza akakohoa, akakaa wima kama aliyesimamishwa mbele ya hadhira. "Nakubali ninachokiona," alisema. "Na najua nimekipata kwa nani."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu. Semeni akaweka kidole gumba juu ya kioo cha mashine. Taa ndogo ikawaka mara moja, ikazimika, na jicho likawa limefungwa kwa maisha yote.

Pazia lilikuwa bado kwenye mlango wa kabati. Mzee alikibonyeza kinasa sauti, akakiacha wazi, ili yule wa ng'ambo ya maji naye asikie. Kisha akalikodolea pazia jicho lake lisilochoka, na safari hii alihesabu yeye mwenyewe, Semeni akifuatisha kimoyomoyo, mpaka sitini.

Akageukia ukuta.

Semeni alingoja.

"Limejibu?" aliuliza.

"Limejibu."

"Rangi gani?"

Mzee Hizza alifungua kinywa, neno la miaka yote likiwa tayari ulimini. Halikutoka. Aliinamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, akanyoosha mkono kuelekea ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Semeni hakujua kama alikuwa akicheka au akilia.

"Mlima, mwanangu," alisema. "Ni mlima."